Muuza Kahawa Kanivua Ukitovu wa Ulimwengu

Jamani, mpaka asubuhi ya leo kitovu cha ulimwengu nilikuwa mimi!

Mnajua nnavyoitaka ile nafasi moja ya kusomea mashine za hesabu, hizo kompyuta, Dar. Barua ya kuiomba nshaandika: "Programu yangu inaonesha ulimwengu unatanuka, na kitovu chake kilipo."

Mashine sina, basi programu nikaiendesha kwa watu.

Watu watano wa barazani, kila mmoja nyota, tumejipanga uchochoroni na kadi za amri: nikipiga makofi, umbali baina yako na jirani uwe mara mbili, kisha andika nani kakukimbia zaidi.

Nikasimama kati. Mwenye akili asimame wapi?

Nikapiga makofi. Kadi yangu: wote wananikimbia, wa mbali zaidi ndiye mwenye mbio zaidi.

"Mmemwona kitovu?" nikawauliza.

Mzee Haji, muuza kahawa, akaita kutoka mwisho wa safu: "Yangu imesema hivyo hivyo, mwanangu. Nyote mnanikimbia mimi!"

Kadi tano, jibu moja.

"Basi kila mtu kitovu," akasema, "au hakuna. Njoo unywe kahawa."

Barua nimeichana. Mpya ina jina lake juu, langu chini.

Ila wakimchukua yeye, kahawa tutakunywa wapi? Kalamu nimeifunga hapa kwenye ubao wa baraza. Andikeni jibu lenu hapa chini.