Tulikwenda Kupanga Nyumba, Tukarudi na Mkate

Tulikwenda kupanga nyumba, tukarudi na mkate.

Sitanii. Mwenye nyumba alitusikiliza pale mlangoni, akamtazama mume wangu, akanitazama mimi, akaingia ndani. Tukajua kaenda kuchukua funguo. Akatoka na mkate mzima kwenye mfuko, akatukabidhi, akafunga mlango taratibu.

Wa kabla yake alitupa koti la marehemu mumewe.

"Watu wa huku Hispania wana roho nzuri," mume wangu akasema, huku analijaribu lile koti.

Roho nzuri sawa, ila nyumba hatupewi.

Sasa niwaambie nani alikuwa anatufundisha hicho Kihispania cha kupangia nyumba.

Ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Watu wa kwetu wote waliofika mji ule wanamwita Profesa, na jina hilo kajipa mwenyewe. Alifika huko miaka mingi kabla yetu. Kazi yake ni kulinda maegesho ya magari chini ya ardhi. Anakaa peke yake kwenye kibanda cha kioo, anabonyeza kitufe, chuma kinapanda, anabonyeza tena, chuma kinashuka. Halafu anatuambia lugha imemkaa kichwani. Sijui alikuwa anaizungumza na nani, labda na kile chuma.

Tulikuwa tunalala sebuleni kwake, nyuma ya pazia. Kila asubuhi Profesa anaruka miguu yetu kwenda kuchemsha chai. Sare yake nafua mimi, chakula chake napika mimi.

Binti yetu tulimwacha kwa bibi yake. Siku naondoka nilimwambia nikipata mlango wangu mwenyewe nitamleta. Mtoto akalishika neno. Kila nikipiga simu hanisalimii, anauliza tu, "Mama, mlango umepata?"

Hapo ndipo penye uchungu wangu.

Kwa hiyo nikameza dharau nikakaa darasani. Pengine pa kujifunzia sikuwa napo. Nafanya kazi ya kupiga pasi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, na mle mashine zinanguruma mpaka watu wanaongea kwa mikono.

Darasa lilikuwa meza ya jikoni. Profesa anasimama na mwiko, anaunyoosha kwenye ukuta usio na kitu. Piso ni nyumba ya ghorofani. Llave ni ufunguo. Ascensor ni lifti. Muebles ni samani.

"Kihispania ni Kiswahili kilichopinda tu," anasema. "Meza wao wanaita mesa. Bendera, bandera. Mwenye akili hasomi, anasikiliza."

Halafu akatupa neno lake kuu. Sin.

Sin, kwa mujibu wa Profesa, maana yake ni kuwa na kitu. Mwenye nyumba anataka kujua mna nini, basi mwambieni. Akatukaririsha mpaka tukaota: sin trabajo, sin dinero, sin vergüenza. Tafsiri yake: tuna kazi, tuna pesa, tuna haya.

"Hiyo haya msiisahau," akasisitiza. "Mpangaji asiye na haya nani anamtaka?"

Mume wangu alikuwa anaisema kwa moyo wote, mkono kifuani.

Basi siku moja tukapata nyumba ya kwenda kuona, na Profesa yuko kazini na chuma chake. Tukaenda wawili.

Mwenye nyumba alikuwa bibi mmoja mnene, funguo kaning'iniza shingoni kwa kamba ya kiatu. Akaanza kupanda ngazi mbele yetu, anahema. Ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akasimama, akashika ukuta, akatuomba radhi kwa macho.

"Sin ascensor," akasema.

Nikajiambia, kama lifti ipo, huyu mama anajiua kwa nini? Nikamnong'oneza mume wangu. Akasema labda imeharibika. Yule naye, akishaambiwa jambo na kaka yake hana tena haja ya macho.

Tukafika juu. Bibi akafungua mlango. Chumba cheupe, hakina kitanda, hakina kiti, hakina hata msumari ukutani. Akatandaza mikono.

"Sin muebles."

Kisha akaenda dirishani, akalisukuma, jua likaingia lote. "Con ventana," akasema kwa fahari. Akafungua bomba, maji yakatoka. "Con agua."

Nikasimama pale katikati ya chumba, nikayapanga maneno yake upya.

Con ni kuwa nacho. Na sin?

Sin ni sina. Neno lenyewe lilikuwa linatupigia kelele kwa Kiswahili, na sisi tumeziba masikio kwa sababu Profesa kashika mwiko.

Kumbe tulikuwa tunabisha hodi kwa watu na kuwatangazia: hatuna kazi, hatuna pesa, hatuna haya. Na wale watu wakatupa mkate. Mimi ningekuwa wao, ningetumwagia maji.

Wakati huo huo bibi kauliza kitu, nikasikia "trabajo" ndani yake. Mume wangu akaweka mkono kifuani, akavuta pumzi.

"Sin..."

Nikamkanyaga mguu kwa kisigino.

"Con trabajo," nikasema, nikamwonyesha bibi alama za pasi mikononi mwangu. "Con dinero." Na kwa kuwa nilikuwa nimeshakolea, "Con vergüenza."

Bibi alicheka mpaka akashika dirisha. Kisha akaivua ile kamba shingoni.

Njia nzima nilikuwa nanoa ulimi. Nilishapata jibu: Profesa katufanyia kusudi. Nani atamfulia, nani atampikia, tukiondoka? Nilikuwa na maneno ya kumtosha yeye na ukoo wake.

Tukamkuta anatoka kazini. Aliposikia tumepata nyumba, machozi yakamlengalenga. Akatushika mikono, akatuvuta mpaka mkahawani, leo analipa yeye.

"Tazama mwalimu wako, shemeji," akaniambia. Akamgeukia mhudumu, akaagiza kwa sauti ya mtu mkubwa, "Café sin azúcar."

Kahawa ikaja. Kwenye kisahani pembeni, kama kwenye kila kisahani cha mkahawa ule, kuna kijipakiti cha sukari.

Profesa akakichana, akamimina, akakoroga.

"Umeona? Nilisema sin azúcar, na sukari yake hii hapa. Hivi ndivyo nilivyojifunza, wiki ya kwanza tu."



Nilikuja na chuki ya kumpa adui, nikakuta hakuna adui. Kuna mtu anayekoroga kahawa ya ujinga wake kila siku, na bado anakuta tamu.

Adui anajua anakuficha nini, ukimbana atasema. Mjinga anayejiamini hana cha kusema, naye ndiye anayeshika mwiko. Kabla hujakariri neno la mtu, tazama limempa nini yeye mwenyewe. Huyu wetu lilimpa kibanda cha kioo.

Binti yangu alifika mwezi uliofuata. Profesa alikuja kumpokea, kanyoosha kidole, tayari kwa somo la kwanza.

Nikamwinamia mwanangu.

"Msalimie baba mkubwa," nikamwambia. "Halafu ziba masikio, twende nikakuonyeshe mlango."