Mhimili Mwekundu wa Mwalimu Rula

Saa moja kasorobo asubuhi, kengele haijagongwa, na mwalimu wa hesabu wa darasa la tano amepiga magoti kwenye nyasi zenye umande. Mbele yake kuna kopo kuukuu la rangi la kukingia mvua, lililozungushiwa mawe lisipinduke. Anatumbukiza rula, anaitoa, anasogeza miwani.

"Milimita kumi na moja," anasema.

Kiranja wa darasa anapima naye, anapata kumi na mbili. Wanapima mara ya tatu. Ni kumi na mbili.

"Uzee huu," mwalimu anacheka. "Andika ya kwako."

Watoto wanamwita Mwalimu Rula, kama wazazi wao walivyomwita. Kwa miaka ishirini na sita wanafunzi wake wamepima mvua, wakajumlisha kila mwezi, kisha wakachora mhimili mmoja wa grafu, mrefu kadiri ya mvua ya mwezi huo, kwenye ukuta wa nyuma wa darasa. Alipoanza alikuwa na watoto sabini na wawili na vitabu tisa. Kopo alipewa na fundi rangi. Rula ilikuwa ya marehemu baba yake, seremala.

Sasa anastaafu, na Jumatatu darasa linabomolewa lijengwe jipya. Jengo lenyewe limechoka, hakuna wa kulililia. Ukuta ndio unaomuuma.

Kwa hiyo wiki nzima watoto wananakili. Mmoja anasoma urefu wa mhimili ukutani, mwingine anauchora kwenye karatasi za grafu zilizounganishwa kwa gundi hadi zikafika mlangoni. Leo ni Ijumaa, na bado miaka minane.

Wanafika kwenye mwaka wa kiangazi kikali. Miezi mitano haina kitu. Katikati yake umesimama mhimili mfupi, mwekundu, peke yake. Kiranja anauliza kama wauruke, maana maandishi chini yake yanaonyesha si mvua.

Mwalimu anaketi. Mwaka ule, anasimulia, kila asubuhi alikuta kopo kavu, akarudi darasani kimya. Siku moja rula ikaonyesha milimita ishirini na tano, na mbinguni hakuna hata wingu la kusingiziwa. Aliuliza ni nani. Binti mmoja wa dawati la nyuma akasimama. Alikuwa amemimina maji yake ya kunywa, chupa nzima.

"Aliniambia, 'Nilikuona una huzuni, Mwalimu,'" anakumbuka. "Nikamfundisha kwamba kipimo hakidanganywi, hata kwa huruma. Halafu nikatoka nje nikalia."

Kipimo hicho hakukifuta. Alikichorea mhimili mwekundu, akaandika chini yake "maji ya chupa", asije mtu akadhani ni mvua. Binti huyo siku hizi ni fundi bomba. Bado anahangaika kuwapatia watu maji, mwalimu anasema, ila sasa analipwa.

"Uchore," anamwambia kiranja. "Na maandishi yake usiyasahau."

Saa tisa mhimili wa mwisho unakamilika. Wanaikunja ile karatasi kama mkeka, wanaifunga kwa kamba. Mwalimu anapitisha kiganja ukutani, mara moja tu, vumbi la chaki likabaki vidoleni.

Kopo anamwachia mwalimu mpya. Mwalimu Rula mwenyewe anaishi mtaa wa pili, na tayari ameweka kopo jingine uani kwake. Kila Ijumaa atapita shuleni walinganishe vipimo.

"Kopo lenu likizidi langu sana," anawaambia watoto, "nitakagua chupa. Na nitakayemkuta na chupa tupu, nitampa maji yangu."