Aliyeshona Vifuniko vya Dripu

Pale hospitalini kwetu hakuna anayemwita kwa jina lake. Tunamwita Pindo, kwa sababu pindo lililokwenda upande humnyima raha. Nimemwona kwa macho yangu akipiga magoti kwenye korido, pini zimemjaa mdomoni, akimrekebishia daktari mkuu ncha ya koti, na mheshimiwa yule amesimama wima kama mtoto anayevalishwa sare. Yeye kazi yake cherehani, mimi pasi, chumba kimoja nyuma ya dobi, na enzi hizo mdomo wake ulikuwa haupumziki. Mumewe alikuwa mchora mabango, mtu wa masihara. Mama mkwe aliishi nao. Ulimi wake mama yule ni wembe, lakini alimpenda Pindo, na alimwita mwanangu hata akiwa anamgombeza.

Korona ilipopamba moto, tulishona na kupiga pasi mpaka tukasahau leo ni siku gani. Ndipo akaja mfamasia, bwana mpole mwenye miwani, ameshika mfuko mtupu wa dripu. Alitaka vifuniko vya kitambaa kizito vya kuuvisha.

"Yaani siku hizi dripu nayo inaona aibu?" Pindo akauliza.

Mfamasia akacheka, kisha akatueleza. Kulikuwa na dawa mpya ya kingamwili kwa wagonjwa waliolazwa hali zao zikiwa mbaya. Kingamwili, alisema, ni kama askari ambao damu hujitengenezea yenyewe kupambana na ugonjwa. Hawa walitengenezwa maabara, na wangeingizwa mshipani kwa dripu kumsaidia mtu ambaye askari wake wamezidiwa. Ila ulikuwa utafiti bado, hakuna aliyejua kama dawa inasaidia. Kwa hiyo katika waliokubali, nusu wangepewa dawa na nusu maji ya chumvi, matibabu mengine yote yakiendelea kama kawaida. Kompyuta ndiyo ingechagua. Daktari asijue, nesi asijue, mgonjwa asijue. Angejua mfamasia tu. Na kwa kuwa dawa ile ilikuwa na umanjano kidogo, ilibidi mfuko ufunikwe.

"Kweli akili ni nywele," Pindo akasema, akachukua vipimo. Alivishona kwa kitambaa cha buluu iliyoiva, akavipinda vizuri chini. Mfamasia akamwambia asijisumbue, hakuna atakayeangalia pindo. "Mimi nitaangalia," akajibu.

Haukupita muda mrefu mchora mabango akaanza kukohoa. Tulidhani ni rangi zake. Alipoletwa kwetu midomo ilikuwa imebadilika rangi, akawekewa oksijeni, akalazwa wodi ya korona, ambako ndugu hawakuruhusiwa kutia mguu. Daktari alipomweleza habari za utafiti, akataka kwanza aongee na mkewe. Wakampigia simu tukiwa kazini. Nilisikia pumzi zake kutoka kwenye meza yangu ya pasi.

"Mke wangu, unasemaje?"

"Kubali," Pindo akasema.

Akakubali. Mama mkwe alipopata habari kwamba kuna dawa na kuna maji, akawa hana lingine. "Wewe si wa humo humo? Hao si wenzako? Hakikisha mwanangu anapata dawa yenyewe." Na mimi, sitaficha, nilikuwa upande wa mama. Nilimwambia Pindo mfamasia ni mtu mwenye huruma, akamwombe. Akaenda. Akarudi.

"Amesema nini?"

"Amesema, 'Dada yangu, nisamehe.' Halafu akavua miwani, akawa anaifuta."

Nilimtukana mfamasia yule matusi yote niliyoyajua. Pindo akatia uzi kwenye sindano.

Siku aliyotundikiwa mumewe dripu, Pindo aliomba yeye ndiye aende kukusanya mashuka wodini. Wakamvisha gauni la kinga, barakoa, glavu, ngao ya uso, ukawa huwezi kumtofautisha na wengine. Mimi nikajua anakwenda kuangalia. Ningekuwa mimi ningeangalia. Nilisimama mlangoni kwetu kumsubiri, pasi nikaiacha inawaka mpaka ikaunguza foronya ya serikali.

Aliporudi alikaa kwenye cherehani. Nikamuuliza kama amemwona.

"Nimemwona. Alikuwa amelala."

"Na nesi?"

"Alikuwa kageukia mgonjwa mwingine."

"Sasa? Manjano au nyeupe?"

Akanitazama kama niliyemuuliza njia ya kwenda mji asioujua. "Kifuniko kilikuwa kimepanda juu upande mmoja," akasema. "Kimekunjamana. Nikakivuta chini, kikakaa sawa."

"Hukuangalia?"

"Kilikuwa kimepanda, shoga yangu. Mkono ulikwenda wenyewe."

Nilikasirika, nasema kweli. Nilimkasirikia mpaka nikapiga pasi siku nzima bila kumsemesha. Mtu umepewa nafasi na Mungu, nesi amekupa mgongo, wewe unanyoosha kitambaa! Lakini angeangalia, halafu? Angekuta maji, angeyabadilisha na nini? Hilo nililifikiria baadaye sana, hasira ilipokwisha kunifaa.

Mchora mabango alifariki wiki ile ile. Wakamzika watu wachache, wamesimama mbali mbali kama waliogombana.

Pindo alirudi kazini mapema kuliko tulivyotegemea. Hakulia. Alisalimia, akakaa, akashona. Wengine pale dobi wakaanza kunong'ona kwamba ana moyo wa jiwe, nikawaambia waliofiwa hawafanyi mtihani na wao si wasimamizi. Lakini hata mimi nilimwogopa kidogo. Alikula ukimwekea chakula, usipomwekea hakuuliza. Siku moja sindano ilimchoma kidole, akakaa anakitazama kikitoka damu mpaka nilipokifunga mimi. Nikamuuliza hakuumia?

"Sijui," akasema.

Nyumbani kulikuwa kubaya zaidi. Mama mkwe alimuuliza mara moja tu kama aliuona ule mfuko, na Pindo, asiyejua kudanganya, akamwambia yote, kifuniko na kuvuta. Tangu hapo mama akawa na habari moja kwa kila aliyekuja kumpa pole. Mwanawe alipewa maji ya chumvi. Mke wake aliyafunika kwa mkono wake mwenyewe. "Kikulacho ki nguoni mwako," alikuwa akisema, Pindo akiwa pale pale anamimina chai. Neno mwanangu likaisha. Pindo hakubisha. Nilipomwambia ajitetee, akasema, "Huenda kweli yalikuwa maji." Na mfamasia alipoagiza vifuniko vingine, akavishona, mapindo yamenyooka kama rula.

Utafiti ulipofungwa, mfamasia alikuja chumbani kwetu mwenyewe. Alisema sasa ameruhusiwa kuwaambia ndugu wanaotaka kujua. Pindo akasimamisha cherehani.

"Alipewa dawa," mfamasia akasema. "Dawa yenyewe, dada. Kipimo kamili." Kisha, polepole, akasema matokeo yote yametoka, na kwa wagonjwa waliokuwa wameshazidiwa vile, waliopewa dawa na waliopewa maji hawakupishana.

"Asante," Pindo akasema. Akamuuliza kama vile vifuniko vilivyobaki bado anavihitaji.

Jioni nilimsindikiza. Niliona ni siku yake ya kushinda, nikataka niwepo mama mkwe akimeza maneno yake. Tulimkuta sebuleni anakunja nguo, shati la marehemu likiwa mapajani. Pindo hakukaa.

"Mama, wamesema. Alipewa dawa."

Mama akaacha kukunja. "Dawa yenyewe?"

"Yenyewe. Yote."

"Na akafa."

"Na akafa, mama."

Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, au kwa msamaha. Mama akalishika lile shati kwa mikono miwili, akalitazama, na sauti iliyomtoka haikuwa na wembe hata kidogo.

"Mwanangu," akasema, "si ungeniacha tu na yale maji."

Pindo akakaa chini pale pale sakafuni, kando ya miguu yake.

"Hata mimi, mama," akasema. "Hata mimi nilikuwa nimeyashikilia hayo hayo."