Msusi anayetaka kila unywele uonekane

Saa tatu asubuhi mlango wa saluni umefungwa kwa ndani, na mteja wa kwanza anaambiwa arudi alasiri. "Leo hasukwi mtu!" mwenye saluni anapaza sauti huku akicheka. Mbele yake kuna kichwa cha bandia kilichokazwa ukingoni mwa meza. Anaiangalia simu yake kama mama anayeangalia maziwa jikoni yasije yakafurika.

Mtaani wanamwita Sindano, kwa jinsi misuko yake ilivyo myembamba. Ana miaka arobaini na sita, na zaidi ya nusu ya umri huo ameumaliza akiwa amesimama nyuma ya vichwa vya watu. Sifa yake kubwa ni mwanzo wa msuko. Nywele za bandia anaziingiza chini ya nywele halisi bila fundo, na hata ukiinama kutazama huoni alipoanzia.

Lakini vidole vimeanza kumgomea. Viungo vinavimba, na daktari amemwambia apunguze kusuka. Zamani alimaliza vichwa vinne kwa siku. Siku hizi akimaliza kimoja anashukuru.

"Mikono ndiyo shamba langu," anasema. "Shamba likichoka, nitakula nini?"

Ndiyo maana ameamua kufundisha kwa video za kulipia. Hapo ndipo kisirani kilipoanza. Video iliyokuwa safi kabisa kwenye simu yake, akiipandisha mtandaoni inageuka rojo. Nywele nyeusi juu ya nywele nyeusi, hujui kidole kimepita wapi.

"Utafikiri nimempaka mtu lami," anasema, na kucheka tena.

Akajaribu ujanja wa kusuka kwa nywele za rangi ya waridi. Vidole vikaonekana, kweli. Tatizo ni kwamba wiki ile wateja watatu waliingia saluni na nywele za waridi mkononi, wakiamini mtindo huo hausukwi kwa rangi nyingine. Mmoja alikuwa bibi wa watu, na hakukubali kushauriwa.

Basi akaanza kuipima mitandao ya video mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza ni wa bure na una watazamaji tele, lakini unaibana picha mpaka nywele zinashikana. Wa pili picha yake ni nzuri ila inakwamakwama, mwanafunzi anabaki kukodolea kidole kilichoganda.

Wa tatu unatoza ada kila mwezi, na nusura aukimbie. Kila alipopakia video aliiona ina ukungu, akaifuta kwa hasira na kuanza upya. Fundi simu wa mlango wa pili ndiye aliyemwokoa.

"Mama, wanaanza kukuonyesha picha hafifu, ile ya ubora wa juu bado inaandaliwa," alimwambia. "Wewe unaepua chungu maji hayajachemka!"

Safari hii amesubiri picha iive, na leo video inajaribiwa. Mtahiniwa ni mdogo wake wa kike, msusi pia, anayeishi mji mwingine na ambaye hajawahi kuuweza mwanzo huo. Masharti ni kutazama video tu, asuke, atume picha. Kupiga simu kuuliza ni marufuku. Akishindwa, mpango wa masomo umekufa, na Sindano atarudi kusimama nyuma ya vichwa mpaka vidole vikatae kabisa.

Anapiga deki sakafu ambayo imeshapigwa deki. Anakichana kichwa cha bandia mpaka kinatia huruma.

Simu inalia. Ni picha. Anaikuza, anaisogeza, anatafuta mahali msuko ulipoanzia. Hapaoni.

"Hakuna fundo! Jamani, hakuna fundo!" Anafungua mlango na kuutangazia mtaa mzima. Fundi simu anatoka mbio na bisibisi mkononi, akidhani kuna moto. Furaha ya aina hii huambukiza, na hata mteja aliyefukuzwa asubuhi amerudi na anapiga makofi bila kujua kwa nini.

Mara mdogo mtu anapiga, na Sindano anamweka kwenye spika ili wote wasikie.

"Dada, iko wazi kupita kiasi. Nimeona unywele mmoja mmoja."

"Si nilikwambia!"

"Nimeona na kidole chako cha kati. Kiungo kizima kimevimba. Mbona hukuniambia?"

Sindano anakaa kwenye kiti cha wateja. Kumbe nyumbani kwao hakumwambia mtu.

"Sikutaka muwe na wasiwasi, mdogo wangu."

"Wasiwasi gani, mtu na dada yake? Jumamosi nakuja. Masomo yanayofuata nasuka mimi, wewe unaelekeza. Umesimama vya kutosha."

Sindano anajifuta macho kwa taulo la wateja. Anataka darasa la kwanza lifunguliwe mwezi ujao, yeye akiwa ameketi, sauti yake ikiongoza mikono ya mwenzake.

"Haya, njoo," anasema hatimaye. "Na ukate kucha. Huku kila kitu kinaonekana."