Nilivyozoea Kaloleni

Juzi nilienda Kaloleni ya hapa Nairobi, kwenye ukumbi wa mtaa, mkutano wa harusi ya kitinda mimba wa rafiki yangu Mwende. Wenzangu walikuwa ndani wakibishana juu ya pilau na mahema. Mimi nikatoka na kiti changu, nikakaa nje kuangalia zile nyumba za mawe. Zimezeeka kama mimi. Nikauona mlango wa Senga Yunia. Rangi si ile, lakini mlango ni ule ule, na moyo ukanibana, ndugu yangu, kama mwaka ule nilipoletwa hapo nikiwa na miaka kumi na tano.

Kwetu ni Uganda. Miaka ile ya sabini askari walikuwa kila mahali barabarani, na mama akaona afadhali anilete Nairobi kwa senga wangu, yaani shangazi, dadake baba. Alikuwa ameolewa na Baba Were, fundi wa reli. Kabla ya kurudi kwa wadogo zangu, mama alinishika masikio yote mawili, akasema, "Jaribu shule ya hapa. Nikija Krismasi nikaona hujazoea, nitakurudisha nyumbani." Hilo neno ndilo lililokuwa chakula changu. Kila asubuhi nilijiambia, si milele hii, ni mpaka Krismasi.

Baba Were hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na hofu. Nyumba ilikuwa ya kaunsili na mimi sikuwa na karatasi yoyote. Akanipa pahali patatu pa kwenda: shule, mfereji, nyumbani. "Ukiulizwa, sema umetoka Busia, upande wa Kenya. Halafu funga mdomo." Jioni wasichana wakiruka kamba nje mpaka vumbi linapanda, mimi niko dirishani nakata sukuma. Nikisikia treni ikipiga honi nilijiambia hiyo inaenda kwetu, hata kama ilikuwa inaenda Mombasa.

Tena kulikuwa na hicho Kiswahili. Kwetu kilikuwa lugha ya askari. Tukikisikia mlangoni tunanyamaza wote. Wiki ya kwanza jirani yetu, mamake Mwende, alikuja kuomba chumvi. Akagonga kwa nguvu: "Fungua! Hakuna mtu humu?" Mimi mbio chini ya kitanda. Senga aliporudi akanivuta mguu, akacheka mpaka akakaa sakafuni. Halafu akaacha kucheka. Akanifuta vumbi usoni.

Shule ilikuwa ya harambee, ya mabati, tumejazana Fomu Wani kama maharagwe kwenye debe. Kiingereza nilikijua kuwashinda wengi, lakini nani alijali? Siku ya kwanza mwalimu mkuu aliingia, darasa zima likasimama. Mimi nikapiga magoti. Ndivyo msichana wa Kiganda anavyomsalimu mkubwa. Magoti yanashuka yenyewe, hayangoji kuambiwa. Darasa likalipuka. Mwende, niliyekaa naye dawati moja, akainama akaniuliza, "Wee Mganda, umeangusha shilingi?"

Mambo ya Busia yakaishia hapo. Jina langu likawa Shilingi, hadi watoto wa mferejini wakawa wananiita hivyo. Baba Were aliposikia, akaweka chini kikombe chake. "Hapa Nairobi," akasema, "magoti ni ya kusugua sakafu na kuomba Mungu. Hayo mengine acha."

Basi nikayafunza. Mkubwa akipita nilikaza miguu mpaka misuli inauma. Mwende ndiye alikuwa mwalimu wangu, kwa matusi mengi. "Toa mkono! Si hivyo, unanyoosha kama mtu anaomba dawa!" Nikajua kutoa mkono. Nikajua kucheka kwa sauti, kula githeri bila kutenga mahindi pembeni, nikisalimiwa "sasa" najibu "fiti". Lakini ndani, hapana. Ndani nilikuwa msafiri anayengoja basi. Usingizini nilikula matoke ya kwetu, yale ya kufungwa kwenye majani yakaiva kwa mvuke, na nikiamka mdomo umekauka.

Krismasi ilipokaribia, mama alifika, mchana. Nilikuwa mferejini na Mwende na wasichana wengine, ndoo zimepangwa. Nikamwona anakuja na gomesi yake, lile vazi letu la mabega yaliyosimama, amekonda, begi kichwani. Wasichana wakageuka wote kuniangalia mimi, si yeye. Miguu ikajikaza. Nikanyoosha mkono.

"Karibu, mama," nikasema, tena kwa Kiswahili.

Aliushika ule mkono kama mtu aliyepewa kitu asichojua kinaliwa vipi. Akanitazama juu mpaka chini. Kisha uso wake ukalegea, akamwambia Senga, "Mungu ni mwema. Nilikuja kumchukua, kumbe ameshazoea."

Maneno yalinijaa mdomoni. Lakini sikuwa nimeona uso wake umepumzika namna hiyo tangu tutoke nyumbani, na kwetu mtoto wa kike hambishii mama. Nikaenda kuwasha jiko la chai.

Kesho yake tulimsindikiza kwenye basi. Nilivaa yunifomu kwa sababu ndiyo nguo nzuri niliyokuwa nayo. Injini iliponguruma nilipiga magoti pale pale kwenye mafuta na matope, katikati ya wachuuzi, nikasema kwa Kiganda, "Mama, nirudishe." Akatoa kichwa dirishani. Kelele zilikuwa nyingi. Nafikiri alidhani namuaga tu.

"Simama, mwanangu," akasema. "Utachafua sketi ya shule."

Shule yenyewe niliiachia Fomu Tu, mwaka wa pili, Senga alipojifungua mapacha na nyumba ikahitaji mikono. Nilipokanyaga kwetu tena, mama alikuwa ameshazikwa. Senga Yunia hayupo, Baba Were hayupo, na kati ya wale wasichana wa mferejini, niliyebaki naye ni Mwende tu. Kiganda changu kilisimama pale nilipokiachia. Nikimpigia simu mdogo wangu Nansubuga, anaita watoto wake waje wasikilize. Anacheka, anasema mimi bibi kizee mzima naongea kama msichana wa miaka kumi na tano.