Mteremko wa Mshamu

Kwetu Mbuchi hakuna kilima. Pa kupanda na kushuka ni kingo za vijito tu, maji yakipwa, na hapo ni tope tupu. Ukishuka na boriti ya mkoko begani unageuka ubavu, unaegemea nyuma, unakita kisigino, na huinui mguu wa pili mpaka wa kwanza uwe umeshika. Ukifanya haraka unavunjika kiuno. Mume wangu Mshamu alishuka hivyo tangu ana miaka minane.

Alikuja akaondokana na boriti. Miaka kumi na moja alikuwa mlinzi wa ghala la ushirika kule Kibiti, na koti lake la kaki na filimbi shingoni. Kisha ikatoka ruhusa watu binafsi wanunue korosho, ushirika ukafa kifo cha kibudu, na Mshamu akapewa barua ya kumshukuru. Barua! Sijui walidhani tutaichemsha tuile. Akarudi nyumbani kukata mikoko, bega likaanza kuchubuka upya kama la mtu anayejifunza.

Mwaka tisini na nne kampuni moja ya korosho ikatafuta walinzi kumi. Walijiandikisha watu sitini na kitu. Msimamizi wao, Bwana Wilbrod, mtu wa bara mwenye kitambi kilichomtangulia kila aendako, akasema yeye hasomi barua za mtu. Watu watakimbia kilomita tatu, kumi wa kwanza wamepata kazi. Yaani mtu aliyelinda korosho miaka kumi na moja bila kupotea gunia moja apangwe kama ng'ombe wa mnadani! Nilitukana mpaka sauti ikanikauka. Mshamu hakutukana, alianza kukimbia.

Kila alfajiri akishasali alikwenda kwenye uwanda wa mchanga, maji yakiwa yamepwa, kweupe na sawasawa mpaka macho yanachoka. Akirudi ananiuliza, "Mama Muzdalifa, leo nimekwendaje?"

"Kama unafukuzwa na kiboko, baba Muzdalifa."

Tunacheka wote wawili. Siku kumi kabla ya mbio nilikwenda Kibiti mwenyewe kuhakikisha jina lake limo. Lilikuwamo, namba thelathini na moja.

Siku yenyewe ilipofika, Bwana Wilbrod hakuwapanga watu kwenye barabara kuu kama ilivyotangazwa. Aliwapeleka nje ya mji, kwenye njia ya mashamba ya mikorosho, inayopanda kilima, ikashuka bondeni, ikapanda tena na kumalizikia mteremkoni. "Barabarani kuna malori," alisema. "Na mlinzi lazima awe na pumzi." Mshamu aligeuka akanitazama. Mimi nikajifunga kanga yangu vizuri.

Nilisimama karibu na kamba ya mwisho pamoja na wanawake wengine. Kupanda alipanda, kwa uchungu tu nadhani, maana miguu ile haikujua kupanda; bonde lilikuwa nyuma ya kilima, kule alivyoshuka sikuona. Alipotokeza juu ya kilima cha pili alikuwa wa saba. Nilihesabu mara mbili. Zilibaki hatua kama mia tatu, zote za kuteremka, na mimi nikapiga kigelegele.

Ndipo akageuka ubavu. Akaegemea nyuma, akakita kisigino, mkono mmoja juu ya bega ameshika boriti ambayo haikuwapo. Vijana wa vilima vya kusini walijiachia, miguu inatangulia yenyewe. Akawa wa nane, akawa wa kumi.

"Jiachie, baba Muzdalifa! Jiachie!"

"Huyo anashuka mnazi?" akasema mwanamke mmoja, na watu wakacheka. Haidari wa Mbwara alimpita hatua tano kabla ya kamba. Mshamu akawa wa kumi na moja, na Bwana Wilbrod akafunga daftari lake bila kumtazama.

Mpaka leo anakata boriti. Nami kila nikikaa na wenzangu namlaani Wilbrod na kampuni yake, nasema tulidhulumiwa, watu walibadilishiwa njia asubuhi ile ile. Wenzangu wananiitikia. Juzi Mshamu alikuwa anajipaka mafuta begani, akasema taratibu, "Ningejua siku chache tu kabla, ningekwenda Mbwara kwa dada yako Mwanaamina. Kule hata kisimani watu wanateremka. Siku tatu zingenitosha."

"Ungejulia wapi?" nikamjibu.

Mimi nilijua. Siku ile niliyokwenda kuangalia jina, karani aliniambia mbio zimehamishiwa vilimani, akaniagiza nimwambie mume wangu. Njia nzima nikawaza kwamba nikimwambia atakata tamaa, hatakwenda. Nilinyamaza siku zote kumi, nikamwacha akimbie mchangani huku namsifu.

Nilimpokonya ile chupa ya mafuta nikampaka mwenyewe, pale palipoota sugu. Akaniambia ahsante.