Krosi ya Lori la Baba

Hadi leo nikipita dukani wanakokata sabuni ya mche, ile harufu yake mbichi hunirudisha Kimandolu, uani kwetu, lori la baba likiwa limepandishwa juu ya magogo bila magurudumu ya nyuma. Wengine harufu hiyo huwakumbusha kufua. Mimi hunikumbusha kumngoja mama.

Mama alikuwa amerudi kwao Oldonyo Sambu, upande wa pili wa Mlima Meru, na sababu ilikuwa lori hilohilo. Lilikuwa la Kiingereza, kuukuu, pua ndefu, na baba alilipenda kuliko inavyofaa mtu kupenda chuma. Miaka ile ya ruksa kila mtu mtaani alikuwa akifungua kitu: huyu genge, yule duka la mitumba, mwingine kioski cha soda. Mama alitaka lori liuzwe, nasi tufungue duka. Baba hakutaka hata kusikia. Difu, ile gia kubwa ya ekseli ya nyuma, ilipovunjika meno njiani, viazi vya watu vikaozea garini, maneno yakawa mengi ndani ya nyumba, na hatimaye mama akafunga kanga zake. Mimi niliachwa kwa sababu ya shule.

Msomaji wangu, nyumba bila mama huwa kubwa ghafla. Nilikuwa nikitoka shuleni nafungua mlango, na hakuna wa kuniuliza nimeshindaje. Nilimaliza upweke wangu ndani ya lori. Nilipanda na daftari nikafanya hesabu nimeegemea usukani, maana pale angalau nilisikia watu wakiongea chini yangu: baba na Fundi Selemani, mtu wa Tanga, ambaye hata bolti iliyokwama aliitukana kwa adabu.

Siku moja mjomba, kaka yake mama, alikuja mjini kuuza vitunguu, akapita kwetu. Hakukubali hata kukaa.

"Shemeji, dada amesema uje," alimwambia baba. "Uje na mtoto."

Moyo wangu uliruka. Baba alijifuta mikono kwa tambara.

"Mwambie lori likipona tu, nitakuja."

Tangu hapo kila nati ya lori lile ikawa jambo langu. Usiku nilisali kwa ajili ya mama, kisha kwa ajili ya difu.

Fundi Selemani alipata difu nzima kutoka kwenye lori jipya zaidi lililopata ajali. Kwenye springi ilikaa vizuri kabisa, nikadhani kesho tunaondoka. Shida ilikuja walipotaka kuifunga na propela, lile bomba refu linalozunguka chini ya gari na kupeleka nguvu nyuma. Kati yake na difu huwa kuna krosi, kipande cha chuma chenye umbo la msalaba, na kila ncha ya msalaba imevikwa kikombe kinachoingia kwenye sikio, yaani tundu la propela au la difu.

"Baba Neema, hawa hawaelewani," fundi alisema kutoka chini. "Propela yako ina masikio madogo, difu ina makubwa. Tunataka krosi yenye vikombe viwili vidogo na viwili vikubwa."

"Itapatikana kweli?"

"Siku hizi kuna kisichopatikana? Agiza Nairobi."

Jirani yetu alikuwa akienda huko kuchukua bidhaa. Krosi ya zamani ingempa kipimo cha vikombe vidogo, lakini kile cha vikubwa kilikuwa kwenye difu yenyewe, na difu haibebwi kwenye basi. Kipimio cha fundi kilikuwa kimeazimwa gereji nyingine, na vitu vya kuazima Arusha vina safari ndefu. Ndipo baba akapata wazo. Aliingia ndani akatoka na mche mzima wa sabuni. Watu waliowahi kupanga foleni ya sabuni tangu alfajiri wataelewa alivyoukata kwa maringo, kipande kinene, akakisukuma kwenye sikio la difu. Kilipotoka kilikuwa na umbo lake barabara. Wakakifunga kwenye gazeti, kikaenda Nairobi.

Krosi ilirudi inang'aa kwa grisi. Vikombe vidogo vilikaa. Vile vikubwa vikacheza ndani ya masikio.

"Kipimo kilikuwa sahihi," baba alisema. "Wewe mwenyewe ulikiona."

Nikatoa kichwa dirishani. "Mama huwa anaanika sabuni juu ya kabati ili isiishe haraka. Ikikauka inakuwa ndogo."

Fundi Selemani alicheka mpaka akakohoa. Kila mwanamke wa Kimandolu angewaambia hivyo siku ileile, lakini kwetu hakukuwa na mwanamke wa kuwaambia. Nami nilitegemea baba akasirike. Hakukasirika. Alinawa taratibu, akasema, "Basi, tutangoja nyingine," kwa sauti nyepesi ambayo sikuwa nimeisikia kwa muda mrefu. Jioni ile alinunua nyama, akanipikia ndizi, akanisimulia vituko vya utoto wake. Nilikula huku nimemchukia. Niliwaza, mtu gani huyu anayefurahi mama anapozidi kuchelewa?

Kipimio kilirudi, krosi nyingine ikaagizwa, na hiyo ikaingia kwa kugongwa kidogo tu na nyundo ya mbao. Fundi alichora chaki kwenye propela ili masikio ya mbele na ya nyuma yatazame upande mmoja, la sivyo gari lingetetemeka njia nzima. Lori likashuka kwenye magogo.

Jumamosi baba alinyoa ndevu, akavaa koti la kanisani, akapakia sukari, majani ya chai na blanketi la koko, yaani bibi mzaa mama. Mlima ulikuwa kuliani kwetu muda wote. Chini yetu propela ilizunguka bila kelele.

Mama alitoka nyumbani kwa koko akikimbia. Alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Kisha akamtazama baba.

"Kwani magari yaliacha kupanda huku?"

Nikamsaidia baba kujibu. "Hayajaacha, mama! Yanajaa stendi kila siku, makonda wanaita Oldonyo Sambu, Oldonyo Sambu!"

Baba akainamisha macho. Koko akapokea sukari.

Waliongea ndani muda mrefu, mimi nikicheza na wanambuzi. Baba alipotoka alikwenda kwenye lori, akateremsha begi langu la shule na nguo zangu zote, zimefuliwa na kukunjwa. Sikuwa nimejua kwamba amezipakia.

"Kaa na mama yako, mama," aliniambia. "Nitakuwa nakuja."

Akawasha lori, akateremka kurudi mjini peke yake.

Alikuja kweli, mara nyingi, lakini hatukukaa tena nyumba moja. Nimeshakuwa mtu mzima ndipo nikayaelewa maneno ya mjomba. Uje na mtoto. Mimi nilisikia tunaitwa. Baba alisikia ananyang'anywa mtoto, na hakuwa na ubishi, maana alijua mtoto wa kike wa umri ule anamhitaji mama. Alichoweza ni kuchelewa tu. Kila siku ambayo lori lile lilikaa juu ya magogo, alikuwa bado na mimi. Nami, siku zote hizo, nilikuwa nikiomba ziishe.